Shida Isemwe Mapema: Mbinu za Kuvuka Kipindi Kigumu cha Uchumi

Kazi imesimama, au biashara imepoa. Mafuta ya kula hayashikiki, nauli inatakiwa hata siku ambayo mfukoni hamna kitu, na mwenye nyumba ameshapita mara mbili kuulizia kodi. Hali ikifika hapo, wengi wetu hunyamaza. Baba anaendelea kutoka asubuhi kana kwamba anakwenda kazini. Mama anakopa dukani bila mumewe kujua. Kijana anazima simu ili wanaomdai wasimpate. Miezi michache baadaye, deni lililokuwa la laki moja limefika laki tano, na siri inatoka siku ambayo hakuna tena la kufanya.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mbinu zote zilizomo katika makala hii zinasimama juu ya kanuni moja: shida ya fedha isemwe mapema, kwa mtu anayehusika, ikiwa na hesabu yake mkononi. Mtu akishajua anadaiwa nini, na nani, na kesho ataanzia wapi, matumaini huanza kurudi. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania, kwa kuwa ndiko ninakokufahamu vizuri.

1. Kaeni chini na daftari

Chagua jioni moja watoto wakiwa wamelala. Wewe na mwenzako, au wewe na mtu mzima mnayeishi naye, chukueni daftari la kawaida na mgawe ukurasa mara tatu: kinachoingia, kinachotoka, na tunachodaiwa. Andikeni kila kitu bila kuoneana aibu, pamoja na deni la dukani na ile elfu ishirini uliyoazima kwa shemeji.

Kisha kwa wiki moja andikeni kila shilingi inayotoka. Siku ya saba mtaona mambo ambayo hamkuyatarajia. Kodi na chakula kila mtu anavijua. Vinavyopotea bila kuonekana ni bando la kila siku, makato ya kutuma na kutoa fedha kwenye simu, bodaboda ya umbali unaotembeleka, na vitu vinavyonunuliwa kwa vipimo vidogo: mafuta ya kupimiwa, sukari robo, kipande cha sabuni. Anayenunua kidogokidogo hulipa bei kubwa kuliko anayenunua kwa pamoja. Mkipunguza safari za dukani kutoka tatu kwa siku hadi moja kwa siku tatu, tofauti itaonekana mwezi huohuo.

Angalieni pia umeme. TANESCO ina daraja la matumizi madogo, D1, kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizotumika kwa miaka mingi, uniti hizo hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, wakati mteja wa kawaida hulipa karibu shilingi 300. Kama mita ni yenu peke yenu na matumizi ni ya taa, simu na televisheni, nendeni ofisi ya TANESCO mkaulize mko daraja gani. Nyumba ya wapangaji wengi wanaotumia mita moja huvuka uniti 75 kirahisi, na ikivuka, uniti za ziada ni ghali zaidi. Hapo jambo la kufanya ni kukubaliana na wapangaji wenzenu kuhusu pasi, jiko la umeme na friji.

Watoto nao waambiwe kwa kiasi cha umri wao. Mtoto wa darasa la tano anaelewa akiambiwa, "Mwezi huu hatununui viatu vipya, tutanunua tukishalipa kodi." Asipoambiwa, ataona nyuso zilizokunjamana na kudhani kosa ni lake.

2. Mfuate anayekudai kabla hajakufuata

Mwenye nyumba anayeambiwa tarehe 20 kwamba kodi ya tarehe 1 itapungua, na mwenye nyumba anayekuta mlango umefungwa tarehe 5, ni watu wawili tofauti hata kama ni mtu yuleyule. Wa kwanza anazungumzika, wa pili anatafuta dalali wa kuleta mpangaji mwingine.

Mazungumzo haya hayahitaji hadithi ndefu. Sema mambo matatu: kiasi unachodaiwa, kiasi ulicho nacho leo, na tarehe utakayoleta kinachobaki. Mathalani: "Mzee, shikamoo. Kodi ya miezi mitatu nimeshindwa kuikamilisha, kazi imesimama tangu mwezi uliopita. Nina ya mwezi mmoja, hii hapa. Naomba kuanzia sasa nilipe mwezi kwa mwezi mpaka nitakapokaa sawa." Nenda na hiyo fedha mkononi, hata ikiwa kidogo, na mkikubaliana muandikishane. Tarehe uliyoitaja iheshimu. Ukiona huifikii, rudi useme kabla haijafika.

Kama unadaiwa na benki, nenda tawini kabla ya kukosa rejesho la kwanza, uombe kupangiwa upya marejesho. Mteja anayekuja mwenyewe na barua ya mwajiri au daftari la mauzo yaliyoshuka ana nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko anayetafutwa. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo, na rejesho ulilolikwepa leo linaweza kukuzuia kukopa siku unapopata nafasi nzuri ya biashara.

3. Kausha damu: ipigie hesabu kabla ya kusaini

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii inawahusu zaidi wanaokopa kwa haraka kutoka kwa watoa mikopo wa mtaani ambao watu wamewabatiza jina la kausha damu.

Tuchukue mfano. Unakopa shilingi 100,000. Unakatwa 10,000 ya fomu, unaondoka na 90,000. Unatakiwa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Mwisho wa mwezi umelipa 150,000 kwa fedha ambayo hukuwahi kuishika yote. Zaidi ya hapo, ulianza kuirudisha kuanzia siku ya pili, kwa hiyo katikati ya mwezi ulikuwa umebaki na sehemu ndogo tu ya mkopo huku riba ikihesabiwa kwa wote. Sasa linganisha na utaratibu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka watoa mikopo hawa chini ya leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo, riba ya laki moja kwa mwezi mmoja ni shilingi 3,500.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza leseni. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, na nakala ubaki nayo. Usimkabidhi mtu kadi yako ya benki na namba ya siri, hata akisema ndiyo dhamana. Wapo walimu na wauguzi waliokuwa wakiusikia mshahara wao bila kuuona kwa sababu ya kadi. Mikopo ya programu za simu nayo ichunguze: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Baadhi ya programu za namna hii huomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha humfikia bosi, mkwe na mchungaji.

Mkopo wa kununua chakula cha leo uwe wa mwisho kabisa. Kama lazima ukope, kopa kwa kitu kitakachozalisha rejesho, na kopa kwa watu utakaokaa nao meza moja.

4. Ingia kwenye kikundi, na usikikimbie

Vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviita vikoba vina asili ya mbali. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima mpaka ukafika kwetu. Nguvu yake ni uwazi, na uwazi huo unauona ukihudhuria mkutano mmoja tu.

Jumapili saa kumi jioni wanachama wamekaa duara uani kwa mwenzao, kila mtu na namba yake. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja, na funguo tatu ziko kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Likifunguliwa, mwenyekiti anauliza, "Mara ya mwisho tulifunga na shilingi ngapi?" Wanachama wanataja kiasi kwa kumbukumbu, ndipo fedha zinahesabiwa mbele ya macho yao. Halafu majina yanaitwa: namba moja hisa tatu, namba mbili hisa moja, namba tatu hisa tano. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Mfuko wa jamii unakusanywa kando, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwishoni ndipo maombi ya mikopo yanasikilizwa, na kwa kawaida mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili mzunguko unafungwa na kila mmoja anapata mgao wa alichoweka pamoja na faida.

Kipindi kigumu ndicho watu hukimbia vikundi, kwa aibu ya kuja na hisa moja wakati zamani walinunua tano. Usifanye hivyo. Njoo na hisa yako moja, au njoo mikono mitupu ukaeleze. Kikundi kinachojua hali yako kinaweza kukuongezea muda wa marejesho, kukupa mkono kutoka mfuko wa jamii, au kukutajia kazi ambayo mmoja wao ameisikia. Kisichojua kitakuhesabu mkimbizi.

Tahadhari moja. Dhiki huzaa pia matapeli wanaoahidi kwamba fedha yako itazaa mara mbili kwa wiki chache. Mwaka 2009 Serikali iliufunga mpango wa DECI, ambamo maelfu ya Watanzania walikuwa wamepanda "mbegu" wakitarajia kuvuna. Kikoba halisi kinakuonyesha faida inatoka kwa nani: ni riba ya mwanachama aliyekopa, na unamfahamu kwa jina. Mpango ambao faida yake inatoka kwa watu wapya tu utawaangukia wa mwisho kuingia.

5. Jikoni: punguza gharama, lishe ibaki

Bei ya chakula huyumba kwa sababu zisizo za kwetu. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini baada ya mvua za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa, na mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipandisha bei ya petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na kila kinachobebwa na gari kikapanda nayo. Huwezi kuzuia hayo. Unaweza kujipanga.

Nunua mahindi wakati wa mavuno. Nyanda za Juu Kusini huvuna kati ya Juni na Agosti, na hapo bei hushuka. Ifikapo Januari na Februari, mtu huyohuyo analipa zaidi kwa gunia lilelile. Nyumba tatu au nne zikichanga, zinaweza kununua magunia kwa pamoja na kugawana. Kabla ya kuhifadhi, hakikisha mahindi yamekauka: tia punje kiganja kimoja na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, mfuko wa tabaka tatu unaofungwa kila tabaka peke yake hukata hewa ndani, na dumuzi hufa bila dawa yoyote.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, na uyapike kwa maji mapya. Mkaa au gesi itakayotumika itapungua sana. Yakishachemka vizuri kwa nusu saa, funika sufuria, liingize kwenye kapu lililojazwa vitambaa au kanga kuukuu, ulifunge lisipitishe hewa. Baada ya saa kadhaa utayakuta yameendelea kuiva, na yatahitaji moto kidogo tu wa kumalizia na kuunga.

Nyama ikishindikana, msiishie kwenye ugali na chumvi. Dagaa, maharage, kunde na choroko vinajenga mwili wa mtoto. Mchicha, matembele na kisamvu vinaota hata kwenye ndoo iliyotoboka au pembeni mwa choo cha nje, na maji yaliyooshea mboga yanatosha kumwagilia. Mkipunguza, punguzeni soda, sukari ya chai na vitafunwa vya dukani. Uji wa mtoto mdogo uwe wa mwisho kuguswa.

6. Tafuta shilingi iliyo karibu

Wengi wakipoteza kazi hufikiria biashara kubwa, halafu hukaa wakisubiri mtaji. Angalia kwanza watu wa mtaani kwenu wanahitaji nini wakati wao pia hawana fedha. Hawanunui nguo mpya, kwa hiyo wanamhitaji fundi wa kupunguza, kubana na kuweka zipu. Mkaa ni ghali, kwa hiyo wananunua maharage na makande yaliyokwisha kuchemshwa. Wanatengeneza viatu, simu na majiko. Huduma inayomwokolea mteja fedha hupata wateja hata pesa ikiwa ngumu.

Ukianza, tenga fedha sehemu tatu kila jioni: mtaji wa kesho, faida, na akiba ya dharura. Mama anayeuza maandazi aandike unga, sukari, mafuta, mkaa na nauli kabla ya kusema amepata. Biashara nyingi ndogo hufa kwa sababu mtaji umeliwa, mara nyingi kwa kidogokidogo: leo vocha, kesho mchango wa kipaimara. Jizoeze kusema, "Hii ni ya biashara, yangu ni hii hapa."

Kama mko kikundi, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mkaulizie mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia nne hutengwa kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo ulizeni masharti yaliyopo sasa, msitegemee ya zamani.

7. Uchunge moyo

Umaskini wa ghafla humvunja mtu kabla unga haujamwishia. Mwanaume aliyezoea kuleta, akikosa cha kuleta, hujiona si mtu. Wengine huishia kwenye pombe. Wengine hukaa na simu wakichana mikeka ya kubeti, wakiamini mechi moja itarudisha yote. Kampuni ya kubeti imeshapiga hesabu yake, nayo haikutegemei ushinde. Fedha ya mkeka ingenunua unga wa siku nzima.

Jiwekee ratiba hata kama huna ajira. Amka saa uliyozoea, oga, toka ukatafute, rudi saa inayojulikana. Kila Jumatatu andika jambo moja linalowezekana kukamilika wiki hiyo: kumwona mtu fulani, kulipa elfu kumi ya deni, kupanda mboga. Jumapili lipigie mstari. Nenda msikitini au kanisani, na ukitoka usikimbie watu. Mtafute rafiki mmoja unayeweza kumwambia ukweli wote.

Ukiona hulali kwa majuma, huna hamu ya kula, au mawazo ya kujiondoa duniani yanakujia, hiyo si hali ya kuvumilia kimya. Mwambie mtu siku hiyohiyo, na uende zahanati au hospitali iliyo karibu. Ukimwona jirani amebadilika hivyo, usimwache peke yake.

Waliotutangulia walivuka

Anayedhani mambo hayajawahi kuwa hivi awaulize wazee wake juu ya miaka ile ya mwanzo wa themanini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata vita ya Kagera ilianza, na mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikaruka. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu miaka mingi zaidi. Sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa foleni, na mshahara wa mwezi haukufika katikati ya mwezi. Watumishi wa serikali na hata wahadhiri wa chuo kikuu walifuga kuku nyuma ya nyumba. Akina mama walichoma maandazi, waliuza barafu, walishona sare za shule na kucheza upatu. Serikali ilipolegeza biashara kuanzia 1984, na Rais Mwinyi akafungua milango zaidi, familia hizo zilikuwa zimeshajua namna ya kusimama. Wengi waliosoma miaka ile walisomeshwa na mayai na maandazi.

Hawakuvuka kwa kuwa walikuwa majasiri kutuzidi. Kila mtu alijua jirani yake hana, kwa hiyo hakukuwa na aibu ya kusema sina. Shida ilikuwa ya wote na ilizungumzwa na wote. Leo tunateseka kila mtu chumbani kwake, huku picha za simu zikituaminisha kwamba wenzetu wote wamefanikiwa.

Ndugu msomaji, usisubiri mwezi uishe. Leo jioni fungua daftari na mwenzako. Kesho mpigie simu mmoja wa wanaokudai, umtajie kiasi na tarehe. Jumapili nenda kikundini na ulichonacho. Na kama wewe kwa sasa una nafuu, mtembelee ndugu aliyenyamaza muda mrefu, umuulize hali bila kumhukumu. Huenda anasubiri mtu wa kumwanzia.